Dakika Kumi na Nne Hadi Chuoni

Baba yangu alikuwa muadhini wa msikiti mdogo ulioko nyuma ya majumba marefu ya Michenzani, na katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuadhini kabla ya wakati, hata kwa dakika moja. Sisemi hivi kwa kumpamba kwa kuwa sasa ni marehemu. Makosa alikuwa nayo tele: alipenda ubishi, alikoroma, na chai ikipungua sukari nyumba nzima ilijua. Lakini kwenye wakati hakuwa na mzaha. Kila asubuhi alikaa na redio sikioni akisubiri saa ya taarifa ya habari, arekebishe saa yake ya mkononi, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka na hakutaka kukibadilisha kwa kuogopa fundi ataichezea.

Kwa magharibi, saa peke yake haikumtosha. Saa kwanza, mbingu baadaye. Ndivyo alivyofanya siku zote. Aliangalia saa, kisha akainua uso juu ya mapaa kuhakikisha jua limezama kweli, ndipo akakohoa mara moja kwenye kipaza sauti na kuanza. Kikohozi kile tulikijua mtaa mzima. Ramadhani, watoto walipokisikia walikuwa wameshazishika tende.

"Saumu za watu ziko shingoni mwangu," alikuwa akisema mwezi unapokaribia. "Nikikosea dakika moja, mtaa mzima umekula mchana."

Nje ya msikiti, ukutani, palikuwa na ubao mweusi alioutengeneza mwenyewe. Mistari na majina ya sala aliyapaka kwa rangi ya mafuta, na nyakati akiziandika kwa chaki kila Ijumaa baada ya sala. Mvua ikizifuta, alizirudia siku hiyo hiyo, hata kama ana homa. Mama alimwambia kwamba watu siku hizi wana nyakati hizo kwenye simu. Baba akajibu kwamba simu huishiwa chaji, ubao hauishiwi.

Nilipopata nafasi ya kusoma ualimu wa jiografia kwenye chuo kikubwa kule Dodoma, mama ndiye aliyekataa kwanza. Vyuo viko hapa hapa Unguja, alisema, na mtu analala kwao. Kuna nini huko bara ambacho hakipo hapa? Nilimjibu vibaya, sitaandika nilichosema. Baba hakukataa wala hakukubali. Alichukua siku mbili kufikiri, na nilijua anafikiri nini, kwa sababu baba alipima safari zote kwa sala. Chwaka, alikozaliwa, ilikuwa safari isiyofika sala moja. Dar es Salaam kwa boti ilikuwa sala moja. Dodoma aliijua kwa habari za mpwa wake aliyesoma huko zamani: boti, kulala kwa watu Dar, kuamkia basi, kutwa nzima njiani, kufika umechoka hujui kibla kiko wapi. Sala kumi, alihesabu, na nyingi katika hizo utazisali kwenye vumbi la barabara.

Kilichoniokoa ni treni ya umeme. Ilikuwa imeshaanza kupakia abiria, na mimi nikakaa na baba kwenye kochi nikamwandikia safari nzima kwenye karatasi. Alfajiri unasali nyumbani. Unapanda boti ya asubuhi. Adhuhuri unasali Dar, na alasiri ukitaka unaikusanya nayo hapo hapo. Treni inaondoka mchana, na magharibi imekukuta Dodoma.

Aliisoma karatasi ile mara tatu.

"Kwa hiyo alfajiri yako hapa, magharibi yako kule," alisema.

"Naam, baba."

"Siku moja."

"Siku moja."

"Basi si mbali," alisema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mama alilia jikoni, lakini neno lilikuwa limeshapita. Nimesoma maandishi mengi tangu hapo kuhusu faida za reli, na sijaona aliyeandika hili: kwamba baba mmoja wa Michenzani alimruhusu binti yake kwenda chuo kwa sababu treni imepunguza safari kutoka sala kumi hadi tatu.

Alitoa sharti moja. Mwezi wa Ramadhani, nifuturu kwa adhana yake. Atanipigia simu kabla hajaadhini, ataiweka mfuko wa kifuani wa kanzu, na mimi nitasikia. "Ili uwe umefuturu nyumbani," alisema. Nilikubali kwa furaha. Ingekuwa sharti la kutembea kwa magoti ningekubali pia.

Chuo kilikuwa kikubwa kuliko nilivyowaza. Kimejengwa vilimani, majengo yametawanyika, na kutoka bwenini kwetu hadi darasani ilikuwa nusu saa kwa miguu. Sisi wa Unguja tumezoea kwamba ukitoka Mkunazini ukatembea nusu saa umeshamaliza mji na umesalimiana na nusu ya watu wake. Upepo wa huko mkavu, midomo ilipasuka wiki ya kwanza, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye mkeka wa kusalia. Nilipenda kila kitu. Nililia pia, kila jioni, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na sikumwambia mtu.

Ramadhani ilipoingia nilikuwa chumba kimoja na wasichana watatu, wa Mbeya, Njombe na Kahama. Hakuna aliyefunga kati yao, lakini walikuwa watu wazuri. Walikula nje ili harufu isinisumbue. Msikiti ulikuwa kilima cha pili. Dirisha letu lilitazama ukuta wa bweni jingine, kwa hiyo jua sikuliona likichomoza wala likizama. Nami sikulihitaji. Nilikuwa na simu.

Kila jioni ililia. Nilikaa kitandani na tende alizonifungia mama, simu kwenye mto, nikasikia viatu vya watu wanaoingia msikitini, mtu akicheka, pikipiki ikipita njia ya Mlandege. Kisha kikohozi. Kisha sauti ya baba, mara mbili kwa pamoja, moja ya kifuani mwake na moja ya kipaza sauti iliyotoka nje ikarudi kwenye kuta za majumba. Niliitia tende mdomoni. Adhana ikiisha aliitoa simu mfukoni.

"Ushafungua?"

"Nshafungua, baba."

"Haya. Kula uji."

Uji sikuwa nao, lakini sikumwambia. Siku kumi na moja zilikwenda hivyo, na nakumbuka hizo ndizo siku nilizoacha kulia.

Katikati ya mwezi tulipata mapumziko mafupi, nikenda nyumbani siku chache. Nilirudi kwa treni ya mchana. Nilikaa dirishani, na mbele yangu alikaa mama mtu mzima wa Kondoa, mfupi, amejitanda mtandio wa kijani, na kapu lake miguuni. Tuliongea kidogo tu. Saumu na joto la Dar vilikuwa vimetuchosha sote wawili. Tulipita milima ya Morogoro, tukapita yale mahandaki yenye giza, tukatokea kwenye nchi kavu iliyo wazi. Simu ikalia. Nikaiweka sikioni, nikatoa tende. Kikohozi. Baba akaanza.

Nilikuwa nimeshaifikisha tende mdomoni pale mama yule aliponishika kiganja.

"Mwanangu, unafanya nini? Jua hilo hapo."

Nikatazama. Jua lilikuwa pale, jekundu, zima, limekaa juu ya vilima mbele yetu. Baba alikuwa sikioni mwangu anaita watu waje kwenye sala ya magharibi, na mimi nimemulikwa usoni.

"Kwetu wameshaadhini," nikasema, na hata sauti yangu niliisikia imekuwa ya kitoto.

"Kwenu ndiyo," alisema yule mama. "Wewe uko wapi?"

Hapo nitakiri jambo ambalo limenitia haya hadi leo. Nilikuwa mwanafunzi wa jiografia. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimefanya jaribio la longitudo, nimepewa miji miwili, mmoja mashariki na mmoja magharibi, nikokotoe jua linachelewa kiasi gani kwenye ule wa pili. Nilikokotoa sawasawa, mwalimu akaniwekea tiki. Nikarudi bwenini, nikafuturu kwa jua la Michenzani. Haikunijia akilini kwamba hesabu ile ilikuwa inanisema mimi. Nchi moja, saa moja, redio moja. Nani angefikiri kwamba magharibi ya kwao haisafiri naye?

"Ushafungua?" baba aliuliza kwenye simu.

Tende ilikuwa mkononi. Mama wa Kondoa alikuwa akinitazama. Na mimi nikawaza shingo ya baba, na saumu kumi na moja za binti yake zimening'inia hapo, yeye ambaye hajawahi kumharibia mtu hata moja.

"Nshafungua, baba," nikasema.

Huo ndio uwongo wangu wa kwanza wa Ramadhani ile, nao ulizaa wenziwe. Jioni kumi na tano zilizobaki nilipokea simu, nikasikiliza adhana, nikasema nshafungua, nikakata, kisha nikakaa na tende yangu kitandani nikisubiri magharibi ya Dodoma. Nilikuwa nimefunga chakula, lakini mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Zile siku kumi na moja niliamua kuzilipa kimya kimya baada ya Idi. Mwanamke akilipa siku, kwa kuwa ana siku zake za mwezi, hakuna anayemuuliza, na kwa mara moja katika maisha yangu nilishukuru hilo.

Nilichoogopa si hasira yake. Hasira za baba zilikuwa nyepesi, zinapita na chai. Nilichoogopa ni kwamba akijua, hataadhini tena vile alivyokuwa akiadhini. Ataanza kuitilia shaka sauti yake. Nilikuwa tayari kudanganya mpaka nimalize chuo, na hata baada ya hapo, ili mzee yule aendelee kukohoa mara moja tu na kuanza.

Nilikwenda nyumbani kwa Idi. Na baada ya Idi, baba akatangaza kwamba ananisindikiza kurudi, anataka kuona ninakokaa. Alikuwa hajawahi kuvuka kwenda mbali kuliko Dar. Alimwachia zamu mzee mwenziwe wa msikitini, akamkabidhi na chaki.

Mama alitufungia kapu. Alitia ndimu, tangawizi na mifuko ya nailoni ya kutapikia, kwa kuwa kwake yeye chombo ni chombo, na chombo huchafua moyo. Kwenye boti hatukuvihitaji vitu hivyo. Stesheni ya Dar walipokagua kapu kwenye mashine, kijana wa ulinzi aliuliza ndimu zote zile za nini, baba akamjibu kwa heshima kubwa kwamba ni za treni.

Sote wawili tulikuwa tumefunga. Yeye alifunga sita, zile siku sita za baada ya Idi. Mimi nilimwambia nafunga sita pia. Nilikuwa nalipa.

Alipanda treni kama mtu anayemtembelea jirani. Aliwaambia abiria wa karibu yetu kwamba treni kwetu si kitu kigeni. Unguja ilikuwa na gari moshi lake zamani, likitoka mjini hadi Bububu, babu yake mwenyewe alilipanda, na likipita karibu na nyumba za watu hata ukitaka unawaamkia dirishani. "Tukachoka nalo, tukaliacha," alisema, kana kwamba yeye alikuwemo kwenye uamuzi. Watu walicheka, naye akafurahi. Kilichomuudhi ni dirisha kutofunguka. Akasema safari bila upepo ni kama kubebwa ndani ya sanduku. Lakini tulipofika milimani aliweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka milima ikaisha.

Mimi sikuona milima wala chochote. Tangu Morogoro nilikuwa nikihesabu. Treni ilikuwa inakwenda upande ule ule, saa zile zile, na mbele yetu kulikuwa na jua lile lile, na aliyekaa pembeni yangu alikuwa mtu wa saa kwanza, mbingu baadaye. Nikajaribu kumlaza usingizi kwa mazungumzo. Nikamwambia apumzike, nitamwamsha. Akasema wewe mtoto una nini leo.

Wakati ulipofika, wakati wa nyumbani, alitazama ile saa yenye ufa. Alitoa tende mbili kwenye kitambaa, akanipa moja. Akapiga bismillahi kwa sauti ya chini. Kisha akafanya alichokuwa akifanya kila siku ya maisha yake. Aliinua uso kutazama mbingu.

Jua lilikuwa limempiga kwenye miwani. Baba hakusoma jiografia, alisoma chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani na skuli miaka saba, lakini alielewa mara moja jambo ambalo mimi nililifanyia jaribio na kupata tiki bila kulielewa. Aliirudisha tende yake kwenye kitambaa, akachukua na yangu. Akakiweka katikati yetu.

"Ramadhani ile," alisema, bila kunigeukia. "Ulikuwa ukifungua na mimi."

"Naam, baba."

"Siku ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Ningeweza kusema nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshazoea.

"Kumi na moja."

"Na zilizobaki?"

"Mama mmoja alinizuia, humu humu kwenye treni. Zilizobaki nilingoja jua. Nikikwambia nshafungua nilikuwa nakudanganya."

"Na leo? Hii ni sita?"

"Hapana, baba. Nalipa."

Akatikisa kichwa taratibu. Tulikaa na kile kitambaa cha tende katikati yetu, tukalitazama jua likishuka nyuma ya vilima vya Dodoma, na abiria wengine wakakusanya mizigo yao. Lilipozama kabisa aliangalia saa.

"Dakika kumi na nne," alisema.

Kisha akaweka mkono sikioni na kuadhini, pale pale kitini, kwa sauti ya chini kama mtu anayemwimbia mtoto. Hakukohoa kwanza. Watu waligeuka, kijana mmoja wa viti vya pili akatoa chupa ya maji na kuanza kunywa, kumbe naye alikuwa amefunga sita. Baba alipomaliza alichukua tende akanipa mimi kwanza.

"Nipe radhi, mwanangu," alisema.

Kwetu radhi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Tukisafiri tunamwomba, tukioa na kuolewa tunamwomba, akiumwa tunakimbilia kitandani kwake kumwomba kabla hajaondoka. Sijawahi kusikia mzazi akimwomba mwanawe, na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu mimi niliyesoma. Nilitaka kumwambia kwamba siku zile kumi na moja zilikuwa ndizo siku zangu nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nililia tu, nikasema lile neno ambalo yeye alikuwa akituambia sisi: "Nimekupa." Tukala tende.

Reli haifiki chuoni. Inakushusha stesheni, na kutoka hapo unatafuta bajaji, mizigo magotini, hadi kwenye vilima vyetu. Wanafunzi tulilalamika kila muhula: treni imetutoa Dar kwa kufumba na kufumbua, halafu kipande hiki kidogo kinatutesa. Baba alipoambiwa bado kuna safari nyingine alikasirika waziwazi, na mimi nilifurahi kumwona amekasirika.

"Wamejenga reli yote hii," alisema ndani ya bajaji, kashikilia kofia, "wakashindwa kuimalizia mlangoni?"

Alikaa siku mbili, akalala nyumba ya wageni. Chuo alikitazama kwa heshima, lakini muda wake mwingi aliutumia kwenye msikiti wa chuo, kilima cha pili, na muadhini wa pale. Walisimama nje pamoja alfajiri na magharibi, wakitazama mbingu na saa. Akajaza karatasi nyakati za mwaka mzima. Nilimwambia vitu hivyo vipo kwenye simu. Akanitazama, nami nikamshikia karatasi, maana simu ndiyo iliyotuponza.

Aliporudi nyumbani aliuteremsha ubao wake, akaupaka mstari mmoja zaidi, akaongeza safu nyembamba pembeni kabisa, baada ya Isha. Juu yake akaandika kwa rangi ya mafuta: Magharibi ya Chuoni. Watu wa Michenzani hawakosi la kusema. Walimuuliza kama amefungua tawi. Walimuuliza chuoni ni wapi na anasali nani huko. Hakumficha mtu. Alisimama mbele ya ubao, akawaambia kwamba alimfuturisha mwanawe mchana siku kumi na moja, na kwamba hiyo haitatokea tena. Mama alinisimulia haya kwa simu, na nilikasirika. Niliona kwamba amejiandikia kosa lake ukutani, kila apitaye asome.

Ramadhani zilizofuata alinipigia mara mbili. Ya kwanza haikuwa ya kunifuturisha. Ilikuwa mazoea tu yaliyomshinda kuacha. Akasema, "Hii ya kwetu, usile," akaadhini. Akafungua kwa tende na maji, kama inavyotakiwa, akasali na watu. Kisha akatoka barazani, akangoja, akapiga tena na kuniadhinia peke yangu. Uji wake hakuugusa mpaka hapo. Mama alilalamika mwezi mzima kwamba anakoroga uji wa mtama kwa ajili ya mtu anayeunywa umeshaganda. Na bwenini, wasichana wa Mbeya, Njombe na Kahama waliizoea sauti ile hata wakawa wananikumbusha: baba yako bado hajapiga ya pili.

Nilimaliza, nikarudi, nikapata skuli ya kufundisha hapa hapa mjini. Baba alifariki mwaka wangu wa pili kazini, asubuhi, baada ya kurekebisha saa. Radhi nilikuwa nayo, na yeye alikuwa na yangu, na watoto wangapi wanaweza kusema hivyo.

Muadhini wa sasa ni fundi umeme wa mtaani kwetu, mtu mtaratibu, sauti nzuri kuliko ya baba, Mungu anisamehe. Mwaka huu kabla ya Ramadhani msikiti ulipakwa rangi upya, na ubao ukateremshwa. Nilikuwa nikitoka sokoni Darajani nikamkuta nje ameuegemeza ukutani, na brashi mkononi.

"Dada," akaniita. "Hii safu ya mwisho ya marehemu mzee. Naijaza kila Ijumaa kwa vile nilimkuta akiijaza. Sasa naandika upya, nikasema nikuulize wewe. Niiache au niifute?"

Nilikuwa nimeipita safu ile kila siku kwa miaka. Kila nilipoisoma nilimwona ndani ya treni, jua kwenye miwani, tende ikirudi kwenye kitambaa. Nikaona amebeba vya kutosha, apumzike.

"Ifute tu," nikamwambia. "Ilikuwa ya mtu mmoja, na keshamaliza."

"Hebu wewe!"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa jengo la pili, namjua kwa sura tu, kashika mfuko wa muhogo. Hakuwa akisema nami. Alikuwa akisema na brashi.

"Usiifute hiyo. Mwanangu kaondoka na treni juzi, yuko kule kule. Na wa yule bibi wa ghorofa ya tatu yuko kule, na wale pacha wa nyuma ya duka wako kule. Sote tunaangalia hapo. Ukiifuta, mimi ntampigia mwanangu saa ngapi?"

Fundi akanitazama. Mimi nilikuwa nikiutazama ubao, maandishi ya baba yamefifia, ile m ya Magharibi aliyoiandika kubwa kupita kiasi.

"Basi iache," nikamwambia. "Ila safu yenyewe nyembamba mno. Ipanue kidogo."